Anza na mzigo, tovuti ije baadaye

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Pasua, Moshi. Natengeneza sendo za ngozi zenye shanga. Nina meza yangu soko la Mbuyuni, na mara nyingine nauza kwa kuweka picha kwenye statasi ya WhatsApp. Kuna kijana anatengeneza tovuti, ameniambia kwa laki sita atanifungulia duka la mtandaoni lenye kila kitu. Hizo laki sita ninazo, mwezi huu nimepokea mchezo. Je, nimpe? Na kama nisimpe, nianzie wapi ili niuze mpaka Dar na Mwanza?

Jibu: Dada yangu, usimpe bado. Sisemi kijana huyo ni tapeli. Kwa duka dogo lenye malipo ndani yake, laki sita yaweza kuwa bei ya haki kabisa. Shida ni mpangilio. Kazi anayotaka kukufanyia ndiyo ya mwisho, na zinazoitangulia hakuna wa kukufanyia ila wewe mwenyewe.

Ninakaa Arusha, Sakina, na huu ni mwaka wa tisa kazi yangu ni kukaa na watu wenye bidhaa nzuri kama zako na kuwasaidia waziuze mtandaoni: washonaji, wakaangaji wa kahawa, akina mama wa vikapu na shanga. Maduka niliyoyaona yakifa, mengi hayakufa kwa kukosa wageni. Yalikufa siku oda ya kwanza ya kweli ilipoingia. Mtu wa Mwanza anaandika, "Nataka hii, namba 39, nalipaje?" na mwenye duka ndiyo kwanza anaanza kuulizia: basi gani linakwenda Mwanza, mzigo wanachaji kiasi gani, nauli analipa nani, kiatu kikimbana itakuwaje. Siku mbili zinapita. Mteja ananyamaza, na huyo harudi tena.

Utakumbuka Jumia. Walikuwa na tovuti, programu ya simu na jina kubwa Afrika nzima, na Novemba 2019 wakafunga shughuli zao Tanzania. Wanunuzi hawakwenda popote. Wapo bado, wengi zaidi kuliko wakati ule, na wananunua kila siku kwa watu kama wewe kupitia Instagram na WhatsApp. Kwa hiyo nakuomba uache kwanza kufikiria tovuti. Fikiria jozi moja ya sendo inayotoka mezani kwako Mbuyuni hadi mguuni kwa mtu usiyemjua, na fikiria hela inayotoka kwa mtu huyo hadi kwako. Njia hizo mbili zikishakuwa wazi, duka unalo. Tovuti itakuwa mlango wake.

Basi fanya hivi wiki hii. Chagua aina moja tu ya sendo, ile inayotoka sana. Mwombe ndugu au rafiki aliyeko Dar akutafutie mnunuzi mmoja ambaye wewe humfahamu: mfanyakazi mwenzake, jirani, mtu wa kwaya yake. Awe mtu atakayelipa bei kamili na atakayelalamika kitu kikiwa kibaya, maana shangazi yako hatalalamika. Kisha mtumie jozi hiyo, na kila hatua iandike kwenye daftari: saa, gharama, na tatizo lililojitokeza.

Kufunga mzigo kuna ufundi wake. Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na shanga zikitikiswa njia nzima huku zinasuguana, uzi hukatika palepale shanga zinapogusana. Kwa hiyo kila sendo ivalishwe karatasi yake peke yake, kisha uzipange soli zikitazama nje na nyuso zenye shanga zikiwa ndani, na kati yake kipande cha boksi. Uvungu ukibaki, ujaze magazeti hadi ukitikisa boksi usisikie kitu. Juu andika kwa makapeni jina na namba ya simu ya mpokeaji, na namba yako. Maandishi hayohayo yaandike kwenye kikaratasi ukiweke ndani, kwa sababu boksi likilowa au likichanika, kikaratasi ndicho kitakachosema mzigo ni wa nani.

Stendi usimpe mzigo kondakta mkononi. Nenda ofisi ya vifurushi ya basi, chukua risiti, ipige picha, na uulize mambo matatu: namba ya gari, namba ya simu ya ofisi ya kule unakokwenda mzigo, na mahali mzigo utakaposhushwa. Hilo la tatu watu hulisahau. Mzigo ukishushwa Stendi ya Magufuli pale Mbezi, na mteja anakaa Mbagala, atapoteza nusu siku na nauli ya kwenda na kurudi. Mwambie kabla hajalipa ili achague mwenyewe: aufuate, au bodaboda ampelekee kwa gharama yake. Kisha mtumie picha ya risiti hata kabla hajaiulizia. Picha hiyo moja inatuliza moyo wa mteja kuliko maneno mia.

Hili la risiti nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilimsaidia fundi mmoja kutuma mabegi sita ya kitenge Dodoma. Tulichelewa, ofisi ilikuwa imefungwa, nikampa kondakta mzigo kwa mkono pamoja na hela yake. Basi lilifika, mzigo haukufika, na hatukuwa na karatasi yoyote ya kudai. Mteja alikuwa amelipa shilingi 180,000. Tulimrudishia zote siku hiyohiyo, mimi nusu na fundi nusu. Mteja yule hadi leo ananunua kwa fundi yule. Lakini fundi alifanya kazi wiki mbili bila faida, na kosa lilikuwa langu.

Sasa namba za viatu, maana kwako hapa ndipo penye moto. Mezani Mbuyuni mteja anavaa, anatembea hatua mbili, anajua. Mtandaoni anakwambia "mimi ni 39" kwa kukumbuka kiatu cha mtumba alichonunua mwaka juzi. Namba hizi za 37, 38, 39 ni za Ulaya, na tofauti kati ya namba moja na inayofuata ni theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 7. Milimita 7 kwenye sendo yenye mkanda wa kisigino ni tofauti ya kuvaa na kutovaa. Usipokee oda kwa namba peke yake. Mwambie mteja aweke karatasi ya A4 sakafuni ikigusa ukuta, asimame juu yake kisigino kikigusa ukuta, achore alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha apime kwa rula toka ukingo wa karatasi hadi kwenye alama. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, kwa hiyo hata asiye na rula anaweza kukupigia picha karatasi nzima na wewe ukakadiria. Apime miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani, na achukue ule mrefu.

Na wewe kwa upande wako, pima kila kalibu unayokatia soli, uandike: kalibu hii inamfaa mguu wa sentimita 24 hadi 24.5, hii 24.6 hadi 25.2, na kuendelea. Jedwali hilo la mistari saba au nane ndilo ukurasa wenye thamani kuliko yote katika duka lako la baadaye. Unaweza kulifanya jioni moja, na halihitaji kijana wa kompyuta.

Tuje kwenye bei. Kwanza, bei iandikwe. Najua desturi iliyoenea: picha nzuri, halafu chini "bei inboksi". Wauzaji hunieleza sababu zao, kwamba washindani wasijue bei, kwamba mteja akija inboksi utamshawishi. Mimi naamini desturi hii inawaumiza wauzaji wetu kuliko kitu kingine chochote. Mteja asiyeona bei anadhani mambo mawili: kwamba ni ghali, au kwamba utamtazama picha yake ya wasifu kisha umpangie bei. Wengi hawaulizi, wanapita. Wanaouliza wanataka ujibu ndani ya dakika tano, na wewe dakika hizo una sindano mkononi. Andika bei kwenye picha yenyewe, kwa tarakimu, pamoja na neno linaloeleza kama usafiri umo au haumo.

Bei hiyo usiinakili ya mezani. Tuseme jozi unaiuza 25,000 Mbuyuni. Ngozi 6,000, soli na gundi 3,500, shanga na uzi 3,000, na jasho lako 5,000, maana kazi yako lazima iwe na bei hata kama hakuna anayekulipa mshahara. Hapo umetumia 17,500, unabaki na 7,500. Sasa iuze jozi hiyohiyo kwa mtu wa Dar. Boksi, karatasi na selotepu 1,000. Bodaboda toka Pasua hadi stendi 2,000. Bando la kupiga picha, kutuma na kujibu, weka 500. Imebaki 4,000. Kisha katika kila jozi ishirini, tuseme moja inarudi kwa sababu ya namba, na kuirudisha na kutuma nyingine kunakula 7,000. Gawanya kwa ishirini, ni 350 kila jozi. Umebaki na 3,650, chini ya nusu ya faida ya mezani, na bado hatujahesabu makato ya kutoa hela. Kwa hesabu hizi, mtandaoni jozi hiyo iwe 28,000, na nauli ya basi alipe mteja. Weka hesabu zako halisi mahali pa hizi zangu. Utagundua pia kwamba mizigo mitatu ikipelekwa stendi kwa safari moja ya boda, ile 2,000 inagawanyika. Kwa hiyo tangaza siku za kutuma, kwa mfano Jumanne na Ijumaa. Wateja huzikubali siku zilizotangazwa vizuri tu. Kinachowaudhi ni "kesho" isiyofika.

Nikiwa bado kwenye bei: najua mezani kwako wanapita watalii walioshuka mlimani. Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa dola kwa bidhaa zinazouzwa hapa nchini, na ukurasa wako mtandaoni ni tangazo kama mengine. Andika shilingi. Mgeni atapiga hesabu kwenye simu yake.

Sasa hela. Mteja anapokutumia pesa kwa simu, kabla hajaweka namba ya siri anaonyeshwa jina la anayempelekea. Fikiria yuko Mwanza, amechagua sendo kwenye ukurasa wenye jina zuri la biashara, anafika mwisho na jina linalotokea ni la mwanamume asiyemjua, kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la kaka yako. Anasita. Sote tumetumiwa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na tumejifunza kuogopa majina tusiyoyategemea. Ndiyo maana nasema Lipa Namba ya biashara ije kabla ya tovuti. Iwe na jina lilelile lililo juu ya ukurasa wako, na uandike wazi: "Ukilipa, litatokea jina hili." Ukiwa nayo kwenye mtandao mmoja wa simu inatosha kwa kuanzia, maana siku hizi mtu wa mtandao mwingine naye anaweza kuilipa.

Na kanuni isiyovunjwa hata kwa mteja mzungumzaji mzuri: mzigo hautoki kwa skrinishoti ya muamala. Skrinishoti inatengenezwa, na meseji ya muamala inaandikwa na mtu yeyote ikaonekana kama ya kweli. Mzigo unatoka baada ya wewe kufungua akaunti yako na kuona salio limeongezeka. Mwanao akikusaidia kuuza, mfundishe hilo kabla ya jambo lingine.

Kuna watakaokuomba walipe mzigo ukifika. Kwa wateja wa Moshi mjini na Arusha kubali, ni mwendo wa kilomita 80 na una namna ya kuurudisha. Kwa Dar na Mwanza, chukua angalau nauli na gharama ya kufunga kwanza. Asiyekuwa tayari kutoa hata hiyo, mara nyingi hata stendi haendi.

Karatasi za serikali nazipitia haraka, kwa sababu ni nyepesi kuliko zinavyoogopwa. TIN, yaani namba ya mlipakodi, inatolewa na TRA bure. Jina la biashara unasajili kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uwe na namba ya NIDA, na ada yake haifiki bei ya jozi moja ya sendo. Leseni ya biashara iko halmashauri, nayo sasa huombwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Tausi. Ulizia Manispaa kama ile unayolipia meza inatosha. Mauzo ya mwaka yakifika shilingi milioni 11, utatakiwa kutoa risiti za EFD, zile za mashine ya kielektroniki, kwa hiyo daftari lako la mauzo lianze leo. SIDO Moshi, shirika la viwanda vidogo, wapitie pia, uulizie mafunzo ya watu wa ngozi na ushauri wao.

Hapo nasimama kidogo kwenye jambo moja, taarifa za wateja. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 2023, na ipo tume ya kuisimamia. Kwa mtu wa kiwango chako inakugusa mahali unapopadharau: zile picha za mazungumzo unazoweka statasi kuonyesha mteja kafurahi, namba yake ya simu na mtaa wake vikionekana juu. Mteja alikupa namba ili mzigo umfikie. Ukitaka kuonyesha sifa zake, mwombe ruhusa, na ufute namba na jina.

Mizigo kumi ikishafika salama, sasa tuzungumze habari za duka lenyewe. Hatua ya kwanza ni WhatsApp Business. Ni bure, ina katalogi ambapo kila sendo inakaa na picha, bei na maelezo yake, na ina majibu ya kujituma yenyewe ukiwa kazini. Weka bidhaa nane, zisizidi hapo. Picha piga karibu na dirisha au mlango wakati wa asubuhi, jua lisiingie moja kwa moja, sendo ikiwa juu ya kitambaa cha rangi moja. Kila aina picha nne: juu, ubavuni, soli, na moja ikiwa mguuni mwa mtu. Ya soli wengi hawaiweki, na ndiyo inayomwambia mnunuzi wa Kitanzania kama kiatu kitamaliza mwaka.

Kwa wauzaji wengi wa bidhaa za mkono, katalogi hiyo pamoja na ukurasa wa Instagram inatosha hadi oda thelathini au arobaini kwa mwezi. Zaidi ya hapo utaanza kuchanganya mizigo, utajibu swali moja mara hamsini, na hapo ndipo tovuti inapojilipa. Mwite basi yule kijana, na umuulize haya.

La kwanza: domeni, yaani anwani ya tovuti yako, itasajiliwa kwa jina la nani? Chukua inayoishia na co.tz, ada yake ya mwaka haifiki bei ya jozi mbili za sendo, na isajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, nywila ukiwa nayo wewe. Nimemwona mshonaji mmoja hapa Arusha akipoteza jina alilolitangaza miaka mitatu, limo kwenye mifuko yake na kwenye kibao cha dukani, kwa sababu aliyemtengenezea alilisajili kwa jina lake mwenyewe kisha akahama mji na kubadili laini. Tulilazimika kuanza upya na jina jingine. Mafundi wengi hawafanyi hivyo kwa ubaya, wanafanya kwa haraka. Wewe mkatalie tu tangu mwanzo.

La pili: atatumia nini? WooCommerce, programu ya duka inayokaa juu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, haina ada ya mwezi yenyewe, ila utalipia mahali tovuti inapokaa na utahitaji mtu wa kuisasisha. Shopify, huduma ya duka la kukodi mtandaoni, ni rahisi kuiendesha mwenyewe, lakini unailipa kwa dola kila mwezi, uuze usiuze, na malipo yake yenyewe ya ndani hayafanyi kazi Tanzania. Lazima uunganishe kampuni nyingine ya malipo, na Shopify hukata asilimia yao juu ya hapo. Kwa sendo zinazouzwa kwa shilingi kwa watu wa Dar na Mwanza, mimi ningechagua WooCommerce.

La tatu: mteja atalipaje ndani ya tovuti? Zipo kampuni za kuunganisha malipo kama Selcom, Pesapal na AzamPay. Zitakudai TIN, usajili na akaunti ya benki, ndiyo maana karatasi zilitangulia. Kama bado, tovuti inaweza kuonyesha Lipa Namba na oda ikaja kwako WhatsApp. Si jambo la aibu, na wateja wetu wameizoea.

La nne: picha zitapunguzwa? Picha ya simu ina ukubwa wa megabaiti tatu au nne. Bidhaa nane zenye picha nne nne ni karibu megabaiti mia au zaidi, na bando la mteja ndilo linalolipa. Kila picha ishuke chini ya kilobaiti 200. Kisha ifungueni pamoja, si kwenye kompyuta yake, bali kwenye simu ya bei nafuu, mahali mtandao unasuasua.

Kabla hujatangaza kwa watu wote, mpe mtu mmoja asiyejua lolote anunue, na wewe ukae pembeni ukiwa kimya. Mwaka jana nilifanya hivi na mama mmoja wa Ngaramtoni anayeuza vikapu. Tulimwomba msichana wa duka la jirani, mwenye simu ya kioo kilichopasuka, anunue kikapu kimoja. Aligusa picha ili ikue, haikukua. Akagusa tena, na tena. Akashuka hadi chini kabisa ya ukurasa, akapanda juu, akashuka tena. Mama alitaka kumwelekeza, nikamzuia. Mwishowe msichana akauliza, "Hawa watu wako wapi?" Tovuti nzima yenye rangi nzuri haikuwa na neno Ngaramtoni hata mara moja. Alasiri hiyo tuliongeza mtaa, picha ya mama akiwa na vikapu vyake, na picha zikawa zinakua zikiguswa. Hata sheria inadai hivyo: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe na aeleze anauza nini na kwa bei gani. Kwako weka picha ya meza yako ya Mbuyuni na wewe ukiwa nyuma yake. Mtu wa Moshi aliyeko Dar akiiona, anaijua.

Kuhusu siku ya kufungua: usifungue katikati ya Desemba. Ndugu zetu wanapanda nyumbani kwa sikukuu, kile tunachokiita kwenda kuhesabiwa, mabasi ya kuja huku yanajaa watu na mizigo, na kiatu cha kubadilishwa kinaweza kukaa ofisini wiki nzima. Ila Desemba hiyohiyo wateja wako wa Dar wanakuja wenyewe mpaka Moshi, kwa hiyo wape nafasi ya kuagiza mapema na kuchukua mezani. Kama utakuwa tayari, fungua Februari mwanzoni. Mwisho wa mwezi huwa kuna Kilimanjaro Marathon, mji unajaa wageni, na wengi wanapita sokoni. Mwekee kila anayenunua kikaratasi chenye jina la duka ndani ya mfuko. Mgeni wa nje akitaka aagizie kwao, EMS, huduma ya Posta ya kutuma vifurushi kwa haraka, ipo, ila mwambie mapema kwamba ushuru wa kwao ni juu yake. Marekani, kwa mfano, tangu mwisho wa Agosti 2025 imeondoa msamaha uliokuwa unapitisha bila ushuru vifurushi vya chini ya dola 800.

Matangazo ya kulipia yaache hadi oda ishirini za watu usiowajua zifike na kupokelewa. Ukitangaza kabla ya hapo, unawalipia watu waje waone makosa yako.

Sasa hizo laki sita za mchezo. Laki mbili nunulia ngozi na soli, ili aina zinazotoka sana ziwepo kwa kila namba. Hakuna kinachokatisha tamaa kama mteja amelipa na kalibu yake haina kiatu. Laki moja iwe ya usajili, Lipa Namba, maboksi na makapeni, na boda ya kupeleka stendi ile mizigo kumi ya kwanza. Elfu hamsini zikae kando kwa ajili ya kurudisha hela za mteja bila kujitetea, siku mzigo ukipotea. Laki mbili na nusu zilizobaki ziache benki. Kijana mwambie utampigia baada ya miezi mitatu, na siku ukimpigia uende na daftari lako, jedwali la sentimita, na orodha ya maswali ambayo wateja wamekuuliza mara nyingi zaidi. Kazi yake itakuwa nyepesi, na huenda bei ikashuka. Nitumie nami sentimita za kalibu zako ukishazipima; nina mteja Arusha anayehangaika na jambo hilohilo, na ningependa kuzilinganisha na zake.